Boti ya Milango Miwili

Mwaka 1965 nilikuwa na miaka tisa, na shida ikaanzia hapo. Baba alikufa kwa homa wakati wa kuvuna mpunga, kule Kyela, na matanga hayajaisha ndugu zake walikuwa wameshagawana shamba. Mama hakuwa Mnyakyusa. Alikuwa mtu wa kusini ya Matema, ule upande ambao milima inashuka mpaka ndani ya ziwa na barabara haifiki. Kwao wanawake wanafinyanga vyungu. Pale kwetu hakuwa na kaka wa kumsemea. Tungefukuzwa siku ile ile, ila babu, mzazi wa baba, alitoka nje akasema: "Mwanamke huyu hajanitazama hata mara moja. Atabaki."

Asiye wa kwetu nimweleze. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani yeye ndiye anayetoka njiani. Tunaita kutila, yaani kuogopa kwa heshima. Mama akisikia kikohozi cha babu alijitosa migombani na ndoo yake kichwani, maji yanamwagikia shingoni, hajali. Babu naye akikaribia nyumba alikuwa anakohoa kwa makusudi, ili kumpa nafasi. Hawakuwahi kusalimiana, na ndiye aliyetuachia kipande cha shamba tukala mpaka nilipopata nguvu za kuondoka.

Watu wananiuliza kwa nini mimi, mtu mwenye simu ya kupangusa, niling'ang'ania mambo ya zamani. Nawajibu kwamba mimi nimelishwa na mgongo wa mama yangu. Ule mgongo aliompa babu ndio uliotupa ugali.

Shule niliishia darasa la tatu. Nilibeba mbao Mufindi nikiwa bado sijaota ndevu, nikapasua magogo kwa msumeno wa watu wawili, mimi nikiwa yule wa chini anayekula vumbi. Nikauza mbao Mbalizi, nikahamia kwenye mpunga wa Chimala, nikanunua lori bovu nikalala chini yake mpaka likapona. Nyumba ya Ilomba nimeijenga mwenyewe, na nilipoichora kwa kijiti kwenye udongo nilimwambia fundi: weka mlango wa nyuma, mkubwa kama wa mbele. Akauliza wa nini. Nikamwambia wa mkwe wangu. Wakati huo mwanangu alikuwa bado ananyonya.

Mwanangu huyo sasa ni afisa mifugo huko Iringa, ameoa Mhehe. Kwao mkwe anaheshimiwa, lakini si kwa ukali wetu. Binti yule alijifunza kwa mke wangu. Wakija Krismasi anaingia kwa mlango wa nyuma. Chakula changu anakiweka kwenye stuli kando ya pazia, anakohoa kidogo, anaondoka, nami nakifuata. Miaka yote hiyo nilimjua kwa mchuzi wake na kwa ndala zake zikiwa zimepangwa mlangoni. Wazee wenzangu wake za watoto wao wanawapita sebuleni na suruali, wanawaambia "mambo vipi baba." Mimi nilikuwa nikiwatajia wangu kama mtu anavyotaja lori jipya. Nilijivuna sana.

Sasa habari ya boti.

Mama alirudi kwao uzeeni, akazikwa kule kusini, kijiji cha ziwani kisicho na barabara. Wajukuu zangu hawakuwahi kuliona kaburi lake. Nilipoachana na safari za malori nikasema, kitu kimoja tu kimebaki: niende na mwanangu, mkewe na wajukuu wawili, tusimame pale wote pamoja. Meli ipo, lakini meli inapiga honi inaondoka, haikusubiri ufagie kaburi ukae. Na injini sikutaka. Nimeishi na kelele za injini tangu ujana, masikio yangu yameharibika kwa ajili yake. Nikataka boti ya tanga, yenye mahali pa kulala, ili twende polepole, tulale kijiji hiki, kesho tulale kile.

Boti za namna hiyo kwetu hazipatikani kama pikipiki. Nilitafuta mpaka nikapata mbili.

Ya kwanza ilikuwa bwawa la Mtera, ya Mhindi mmoja wa Iringa muuza vipuri, ambaye aliniuzia springi za lori tangu tukiwa wote na nywele nyeusi. Tulikwenda mimi na mwanangu. Tukaikuta imekaa kwenye tope, wima, maji yamerudi nyuma kabisa, na mwenyewe amekaa juu yake anakunywa chai ya chupa.

"Karibu, Mzee wa mbao! Unaona? Maji yamekimbia, mimi nipo tu."

Nikaigonga ubavuni. "Mbona inalia kama debe?"

"Ni faiba, Mzee, plastiki ngumu. Wewe unatafuta boti au unatafuta daraja?"

Mwanangu akacheka, mimi sikucheka. Nikainama chini kama ninavyokagua lori. Chini ilikuwa bapa. Katikati kulikuwa na ubao mzito unaopanda na kushuka kwa kamba: kwenye kina unaushusha ili upepo usikupeleke ubavu, ukikaribia nchi kavu unauinua, unaingia mpaka mchangani, unaruka bila kulowa magoti. Mlingoti unalazwa na watu wawili. Naweza kuipakia kwenye lori langu mwenyewe nikaipeleka Kyela. Yote hayo nilikiri kwamba ni mazuri.

"Kasoro zake sema," nikamwambia. "Tusifichane, tumezeeka."

"Kasoro moja. Tanga la mbele liko chini mno. Mtu wa usukani hamwoni aliyekaa mbele, labda apige kelele kumuuliza kama kuna jiwe."

"Wanalala wangapi?"

"Wanne, wawe wembamba. Mkizidi, wengine hema ufukweni. Raha kabisa."

"Vyumba?"

"Kimoja."

"Milango?"

Akamtazama mwanangu, akanitazama mimi. "Mzee, hii ni boti. Mlango mmoja. Ulitaka na geti?"

Tukarudi Iringa. Mwanangu alisema yeye angechukua hiyo, kwa sababu mkewe anaogopa mitumbwi na hii inafika mpaka mchangani. Nikamwambia sikuhangaika maisha yote ili nilale kwenye hema kama mchunga ng'ombe.

Ya pili ilikuwa Matema kwenyewe, ya Mzungu aliyekuwa akifundisha ufundi kisha akarudi kwao, akaiacha kwa mtu wa pale aliyekuwa akiendesha naye. Huyo ndiye nitamwita nahodha. Ilikuwa imetia nanga mbali na ufukwe, tukaifuata kwa mtumbwi. Ya chuma. Nikaipiga ngumi, ikanijibu sawasawa. Chini ina mkuku wa chuma, kama jembe kubwa lililoshuka majini kuliko kimo cha mtu, ambao ndio unaoizuia isipinduke. Jiko la gesi lipo. Tangi la maji lipo. Lakini kilichonishika moyo si hayo. Boti ile ilikuwa na chumba cha mbele na mlango wake, halafu katikati shimo la kukaa lenye usukani, halafu nyuma chumba kingine na mlango wake. Ukuta wa chuma kati. Nikatoa futi yangu mfukoni nikaipima milango yote miwili. Nahodha akadhani nataka kuweka fremu mpya.

"Hii, Mzee, hata mwera ukiamka yenyewe inakwambia twende tu," alisema. Mwera ndio upepo wa kusini unaochafua ziwa letu. Baadaye niligundua kwamba alitaka ninunue ile ili aendelee na kazi. Simlaumu, na mimi ningefanya hivyo.

"Ufukweni inafika?"

"Haifiki. Mkuku unakataa. Mtapanda na kushuka kwa mtumbwi."

Mwanangu akanivuta pembeni, kama kule ndani ya boti kuna pembeni. "Baba, ile ya Mtera."

"Ile ina mlango mmoja."

"Ni siku chache tu, baba."

"Hata dakika chache."

Akasema kile ambacho nadhani alikuwa amekibeba siku nyingi. "Basi mwite. Wazee wengine siku hizi wanamwita mkwe, wanampa zawadi mbele ya watu, yanaisha, wanakula meza moja. Nawe mwite yaishe."

"Wazee wengine si mimi."

Nikanunua ya chuma. Bei zilikaribiana, si hela iliyoamua. Nyumbani nilimweleza mke wangu habari ya vyumba viwili na ukuta wa chuma, nikitegemea sifa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mume wangu, umenunua boti au umejenga choo cha shule? Wanaume huku, wanawake kule."

"Utakuja au hutakuja?"

"Mimi? Niingie kwenye chuma kinachoelea? Nendeni, mtanipigia simu."

Msimu mzima nilikaa Matema nikijifunza na nahodha. Nilijifunza upesi, na nilipenda usukani kuliko kitu kingine chochote. Likizo ya Juni mwanangu akaja na familia. Mpango ulikuwa wangu na niliuona hauna tundu. Mkwe angepanda kwanza na watoto, aingie chumba cha nyuma, afunge mlango. Kisha mimi nipande, niingie cha mbele. Nahodha akiwa kwenye usukani, mimi nikijifungia mbele, mkwe atatoka apunge hewa. Nikitaka kutoka nitakohoa, naye ataingia. Kama babu. Nikasema nimeishinda hata boti.

Asubuhi ziwa lilikuwa shwari. Niliwasikia wajukuu wakicheka nyuma, na sauti ya mama yao ikiwaambia wasiinamie maji. Nilikaa chumba cha mbele na dirisha dogo, nikauona mlima ukipita polepole na mashamba ya muhogo yametundikwa juu kwa juu, nikasema moyoni, mama, tunakuja.

Kabla ya adhuhuri mwera ukaamka, na ulitoka kule kule tulikokuwa tunakwenda. Boti ikaanza kupanda na kuanguka. Nahodha akanigongea. "Mzee, toka! Shika usukani, mimi na kijana tupunguze tanga!"

Nikakohoa. Nikasikia mlango wa nyuma ukifungwa. Nikatoka nikashika usukani, miguu nimeitanua, maji yananipiga usoni, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho futi yangu haikupima. Usukani ulikuwa katikati ya milango miwili. Anayeushika husimama kiubavu, magoti yake yanakaribia kugusa mlango wa chumba cha nyuma. Yule wa ndani hawezi kuufungua bila kutokea usoni pake. Nilikuwa nimenunua ukuta, halafu nikakaa mimi mwenyewe kama kufuli.

Walipomaliza tanga la kwanza kamba ikakatika, wakabaki kule mbele wakihangaika. Mlango ukafunguliwa kidogo, mjukuu wangu mkubwa, wa kike, akatoa kichwa. Harufu ikamfuata.

"Babu, mama anatapika sana."

"Mwambie atoke. Mwambie hewa iko huku."

Akarudi ndani. Nikasikia wananong'ona. Akatoa tena kichwa.

"Anasema babu yupo."

"Mwambie babu haangalii!"

Lakini niliangalia. Ningefanyaje? Mawimbi yalikuwa yanakuja mbele na nyuma, mtu wa usukani hawezi kufumba macho. Na yeye alijua hilo. Mlango ukafungwa kutoka ndani. Nilipiga kelele, nikamwita mwanangu, upepo ukala sauti yangu. Nikafikiri kuvua koti nijifunike kichwa, mkono mmoja haukutosha kuishika boti ile. Basi nikasimama pale, na yeye yuko hatua moja kutoka kwangu, gizani, kwenye chuma kinachonuka, na watoto wake, akilinda heshima yangu.

Nahodha aliporudi nilimwambia aingize boti kwenye kijiji chochote. Ufukwe tuliuona, mchanga mweupe, watu wamesimama wanatutazama.

"Haiingii, Mzee. Mkuku utagonga. Na mtumbwi kwa mawimbi haya utapinduka."

Mwanangu alinitazama. Ile ya Mtera ingeinua ubao wake ikapanda mchangani pale pale. Nilijua, naye alijua kwamba najua.

Tukageuka. Nikampa nahodha usukani nikaenda kusimama mbele kabisa, nimeshika waya wa mlingoti, nimewapa mgongo wote. Nikamsikia mwanangu akigonga mlango wa nyuma, akimbembeleza mkewe, na haukufunguliwa upesi. Ulipofunguliwa hakuwa na nguvu za kusimama. Mumewe alimtoa amembeba, amemfunika khanga gubigubi, na kwenye mtumbwi Matema niliuona mguu wake mmoja tu ukiwa umetokeza, hauna ndala. Zahanati walimtundikia maji mpaka jioni. Mimi nilikaa nje, upande wa nyuma wa jengo, ili wasije wakamtoa nikiwa njiani.

Mwanangu alinifuata huko. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

"Baba, angekufa mle ndani kwa ajili ya heshima yako."

"Mlango sikuufunga mimi. Nilimwambia atoke."

"Ulimwambia mara moja tu, baba. Miaka yote mingine ulimwambia asitoke."



Baada ya hapo nimezilinganisha tena na tena zile boti mbili, usingizi unapokataa na hata unapokubali. Ile ndogo haikuhitaji ukuta. Mkwe angekaa mbele kwenye hewa, mgongo kwangu, mimi nyuma kwenye usukani, na lile tanga la chini ambalo muuzaji alilitaja kama kasoro lingekuwa pazia kati yetu. Upepo wenyewe ungelishikilia. Ufukweni yeye angeruka mbele, mimi ningebaki nyuma mpaka apotee. Usiku wao hema, mimi ndani, au kinyume chake. Boti ile ilitengenezwa na watu wasiotujua kabisa, na ilitufaa kuliko mimi nilivyojifaa. Niliihesabia milango, nikasahau kuuliza watu watakaa wapi siku mambo yakichafuka.

Walirudi Iringa. Krismasi iliyofuata hawakuja, kulikuwa na sababu. Iliyofuata hawakuja, na sababu hawakuitaja. Nikamwambia mke wangu ampigie mkwe, nami nikiwa nimekaa pembeni, simu imewekwa sauti ya nje.

"Mwambie yameisha," nikasema. "Mwambie nimeandaa ng'ombe na kitenge. Aje anisalimie kwa mkono, mbele ya watu, tukae meza moja."

Mke wangu akamwambia yote. Kisha ile sauti ndogo niliyoizoea kupitia pazia ikasema, kwa adabu, bila hasira hata chembe: "Mama, mwambie baba asante. Mwambie nimeshazoea hivi."

Mke wangu akaniangalia. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ulimfundisha vizuri," akasema, kisha akajirekebisha. "Tulimfundisha."

Juni iliyopita walikwenda kaburini. Walipanda meli ya abiria wao wenyewe, hawakuniambia mpaka walipofika. Mwanangu alinitumia picha kwenye simu. Nilimwita kijana wa duka la jirani anikuzie nione vizuri. Kaburi limefagiwa. Chungu kipya kimewekwa kichwani pake, wajukuu wameinama wanaweka maua ya porini, mwanangu anatabasamu kama anavyotabasamu mtu anayepigwa picha na jua usoni. Na yeye yupo, amesimama mwishoni, amegeuka anatazama ziwa, khanga imevutwa mpaka kichwani. Kila picha, na ziko nyingi, amenipa mgongo. Alijua picha zinakuja kwangu.

Nimezitunza zote. Ningempa huyo binti chochote nilicho nacho, na nilicho nacho leo ni hiki: nyumba ya Ilomba, ya matofali ya kuchoma. Nyumba ya kupangisha Mbalizi, vyumba sita na fremu za duka mbele. Malori mawili, moja linatembea. Shamba la mpunga Chimala. Shamba la miti Mufindi, misonobari bado midogo. Ng'ombe wachache, pamoja na yule niliyemwandaa, ambaye amezaa. Boti ya chuma Matema, inauzwa. Mke mmoja. Afya ya kadiri.